Nguo ya Kutingisha Mabega

Jeruto aliamka kabla ya majirani. Si kwamba alikuwa na kazi nyingi. Kitanda kilikuwa kipana na yeye alikuwa mmoja, basi usingizi uliisha mapema.

Alifagia uwanja. Alimpa ng'ombe majani. Alichemsha chai ya maziwa, akatoa vikombe viwili kabatini, kisha akarudisha kimoja. Mume wake, Shivachi, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Mkono wa Jeruto ulikuwa bado haujazoea.

Nyumba yao ilikuwa Malinya, kusini mwa mji wa Kakamega. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na nyumba ya mama mkwe wake, Mama Navalayo. Wajane wawili, boma moja. Mama Navalayo pia alikunywa chai yake peke yake. Yeye aliongea Kiidakho, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Jeruto alikuwa Mnandi kutoka Chekalini, kule Lugari kwenye mashamba ya mahindi. Kiidakho chake kiliishia kwenye salamu.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, Jeruto. Umeamka?"

"Nimeamka, mama."

Halafu kila mtu alirudi mlangoni kwake. Hawakuwa na ugomvi. Kila mmoja aliogopa kumliza mwenzake, basi wakanyamaza, na kunyamaza kukawa desturi ya boma.

Baada ya chai, Jeruto aliketi barazani kwenye cherehani yake. Watu walimletea kazi ndogo ndogo. Zipu ya sketi. Sare ya shule iliyochanika. Suruali ya kupunguza kiuno. Alizifanya vizuri, lakini roho yake haikuwa kwenye zipu. Roho yake ilikuwa kwenye michoro. Alichora magauni nyuma ya kalenda za zamani, mengine yenye mikono mipana, mengine yenye mikunjo, mengine ambayo hata jina hayana.

Jeruto alitaka kuwa mbunifu wa mavazi. Wengine watauliza, si huyo ni fundi tu? Hapana. Fundi hushona nguo aliyoambiwa ashone. Mbunifu hufikiria nguo ambayo bado haipo. Huichora, huichagulia kitambaa na rangi, huikatia vipande, na huhakikisha imemkaa mtu mwilini. Lakini usimdharau fundi, tafadhali. Mbunifu asiyejua kushona anaweza kuchora nguo ambayo haishoneki.

Kaka yake Jeruto, Kipkoech, alimpigia simu kila wiki kutoka Chekalini.

"Jeruto, rudi nyumbani. Huko unakaa na nani?"

Alikaa na ng'ombe na cherehani. Lakini hiyo ndiyo nyumba waliyojenga na Shivachi, na hakutaka kuiacha. Pia alijua kwamba huko Chekalini angekuwa mgeni wa kaka yake mpaka uzeeni.

Basi siku moja Mama Bravin alipiga hodi. Mama Bravin alikuwa kiongozi wa kwaya ya akina mama kanisani. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Alibeba mzigo wa kitambaa cha kijani.

"Jeruto, tunaenda mashindano ya kwaya Kakamega mjini mwezi ujao. Tumechoka na blauzi nyeupe. Tunataka nguo yenye watu hawajaona. Nimesikia wewe unachoranga."

"Ninachora, mama."

"Basi chora. Kitambaa tumenunua sisi wenyewe, tumechanga. Ukiharibu, tumeharibikiwa sote."

Jeruto alikipokea kile kitambaa kwa mikono miwili. Siku hiyo yeye ndiye aliyempigia Kipkoech.

"Kaka, ngoja. Nimepewa nguo za kwaya. Wakizipenda, nitakaa huku nifanye kazi yangu. Wakizikataa, uje na pikapu."

"Umesema wewe," Kipkoech alisema. "Nimeshika neno lako."

Akina mama walikuja uwanjani kupimwa. Jeruto aliwapanga mmoja mmoja. Alizungusha futi kifuani, kiunoni, na mgongoni.

"Simama wima. Usicheke. Usipumue."

"Nisipumue mpaka lini?" Mama Bravin aliuliza, na wote wakaangua kicheko.

Walipokuwa wakiondoka, Mama Bravin alisema, "Alhamisi kuja mazoezini. Utuone tukiimba."

"Nitakuja," Jeruto alisema.

Lakini hakwenda. Alijiambia kwamba hana haja, maana vipimo vyote anavyo. Huo ulikuwa uongo mtamu. Ukweli ni kwamba kwaya ya Malinya huimba kwa ngoma za isukuti. Ngoma hizo hupigwa harusini, na hupigwa matangani pia. Mara ya mwisho Jeruto kuzisikia kwa karibu, zilipigwa uwanjani kwake, na jeneza la Shivachi lilikuwa chini ya turubai. Tangu siku hiyo, ngoma zikilia kanisani, Jeruto alifunga dirisha.

Basi alichora akiwa peke yake. Alikata akiwa peke yake. Alishona akiwa peke yake, dirisha limefungwa. Na nguo zilitoka nzuri, jamani. Zilikuwa na kola ndefu, kiuno kilichobana, na mikono myembamba iliyofika kwenye kiganja. Ziliponing'inia kwenye kamba, hata Mama Navalayo alisimama mlangoni kwake akaziangalia kwa muda. Kisha akarudi ndani.

Jumapili kwaya ilizivaa kwa mara ya kwanza. Jeruto aliketi benchi la nyuma kabisa kanisani. Akina mama waliingia wakiwa wamenyooka, kijani kitupu, na watu wakageuka kuwatazama. Jeruto alisikia mtu akinong'ona, "Nani ameshona?" Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alitabasamu.

Ndipo ngoma zikaanza.

Jeruto aliinamisha kichwa. Aliangalia sakafu. Hakuona akina mama wakianza kucheza. Lakini alisikia. Prrra! Kisha tena, prrra! Aliinua macho. Akina mama walikuwa wakitingisha mabega, kwa sababu isukuti haichezwi kwa miguu peke yake. Mabega ndiyo hucheza. Na kila bega lilipotingishika, nguo ilipasuka. Mmoja alipasuka kwapani. Mwingine aliachwa na mkono wa nguo unaoning'inia. Mama Bravin, ambaye hakuwahi kucheza nusu nusu maishani mwake, alipasuka mgongo mzima kutoka bega hadi bega.

Watoto walicheka. Akina mama walijifunga leso haraka, wakaendelea kuimba, maana wimbo wa Mungu haukatizwi. Jeruto alitoka nje kabla haujaisha.

Mama Bravin alimkuta njiani.

"Jeruto! Hii ni nini umetufanyia?"

"Poleni sana, mama. Poleni."

"Pole haifungi mshono! Ulitupima tumesimama kama nguzo za stima. Sisi ni nguzo? Hujui sisi tunachezanga? Nilikuambia uje mazoezini!"

Jeruto alipita pembeni yake. Alikwenda nyumbani, akafunga mlango, akampigia kaka yake.

"Njoo unichukue."

Kipkoech hakumcheka. Alikuwa amemhurumia. "Sawa, dada. Niko kwenye mavuno. Nikimaliza kuvuna, nitakuja na pikapu."

Jeruto alianza kufunga mizigo. Alifunga nguo zake na michoro yake. Aliigusa cherehani, akalia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kusikia.

Kesho yake hodi ilibishwa. Aliyekuja alikuwa Mwalimu Nabwire. Huyu alikuwa mama mzee kidogo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Kwa miaka mingi alifundisha ubunifu wa mavazi katika chuo cha ufundi. Sasa alikuwa amestaafu, akiishi jirani na kanisa, na aliimba katika kwaya hiyo hiyo. Alikuwa na nguo yake ya kijani mkononi, imepasuka kwapa zote mbili.

"Karibu, mwalimu," Jeruto alisema huku akifuta macho. "Kama umekuja kunigombeza, gombeza tu."

"Kugombeza nimeachia Mama Bravin. Yeye ana pumzi." Mwalimu Nabwire aliangalia mizigo. "Unasafiri?"

"Ninarudi kwetu. Kazi hii nimeshindwa."

"Hebu tuone kama umeshindwa." Mwalimu aliketi na kugeuza ile nguo ndani nje. Alivaa miwani. "Kuja hapa. Angalia. Kilichokatika ni nini?"

"Mshono."

"Angalia vizuri, binti yangu."

Jeruto aliinama. Uzi ulikuwa mzima. Kitambaa ndicho kilichopasuka, kando ya mshono.

"Uzi haujakatika," alisema polepole.

"Naam. Mshono wako ni wa nguvu na umenyooka. Nani alikufundisha?"

"Fundi mmoja wa Lumakanda."

"Alikufundisha vizuri. Na kuchora?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Basi unajua kuchora, na unajua kushona. Wanafunzi wangu wengi walijua kimoja tu. Wengine walichora mpaka ukutani, lakini ukiwapa sindano wanajichoma. Macho ya rangi unayo pia. Hii kijani umeiheshimu, hukuijaza mapambo. Sasa nikuulize. Ulituuliza swali gani kabla ya kukata?"

Jeruto alifikiri. "Sikuuliza. Nilipima."

"Kupima si kuuliza!" Mwalimu alipiga goti lake. "Kupima kunakuambia mwili ni mkubwa kiasi gani. Hakukuambii mwili huo unafanya nini. Nguo hii inakwenda wapi? Anayeivaa ataketi? Atainama? Atanyonyesha mtoto? Mwenye boda boda huinama mbele. Muuguzi huinua mikono siku nzima. Mama wa kwaya ya Malinya hutingisha mabega. Mbunifu huyajua hayo kabla hajashika mkasi. Nguo lazima iachiwe nafasi ya mwili kujongea. Wewe ulitushonea nguo ya kusimama."

Jeruto aliketi chini. Kisha yote yakamtoka.

"Mwalimu, sikuja mazoezini kwa sababu ya ngoma. Siwezi kuzisikia. Mara ya mwisho zilipigwa kumzika Shivachi."

Mwalimu Nabwire alivua miwani.

"Pole, mama. Hilo sikujua, na ningepaswa kujua, maana nakaa hapo tu," alisema. "Hata mimi si wa hapa. Nilitoka Busia. Nilipofika nilijifungia ndani mpaka sufuria zikanijua jina. Upweke nimeuona. Lakini nikwambie bila kukuficha. Kazi uliyoichagua ni kazi ya watu. Huwezi kuwavalisha watu usiowaona. Kuchora unaweza kuchora peke yako. Kuvalisha, hapana."

"Sasa nitafanya nini? Kitambaa kimeharibika."

"Kimepasuka. Hakijaharibika. Mbunifu hutatua matatizo, na leo Mungu amekupa ya kutosha." Alisimama, akaweka ile nguo juu ya cherehani. "Anza na mabega. Hapa ng'ambo ya uwanja kuna mtu aliyecheza isukuti kuliko sisi sote. Ulishawahi kumwuliza chochote?"

Aliondoka. Jeruto alibaki akiangalia mlango wa mama mkwe wake. Uwanja ule ni mdogo, hata kuku huuvuka bila kufikiri. Kwake ulikuwa mpana kuliko safari ya Chekalini. Mwishowe alivuka.

"Hodi, mama."

"Karibu."

Mama Navalayo alikuwa akichambua mboga. Jeruto aliketi karibu naye, akaanza kuchambua pia. Kisha akasema, "Mama, nifundishe vile mabega yanachezwa."

Mama Navalayo aliacha kuchambua. "Nani amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe. Nguo zimepasuka kwa sababu sijui mabega."

"Mimi niliacha kucheza," Mama Navalayo alisema. "Niliimbanga na hawa wa kwaya. Tangu mtoto wangu aende, nimeacha. Nikisikia ngoma, nafunga mlango."

"Hata mimi, mama. Mimi hufunga dirisha."

Wakatazamana. Kumbe muda huo wote, kila ngoma zilipolia, huku dirisha lilifungwa na kule mlango ulifungwa, na kila mmoja alidhani mwenzake amelala. Wakalia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Walilia mpaka mboga ikasahaulika.

Kisha Mama Navalayo alijipangusa uso kwa leso na kusimama katikati ya nyumba. Hapakuwa na ngoma. Alipiga paja lake kwa kiganja, taratibu, na mabega yakaanza. Yalikwenda mbele, yakarudi nyuma, haraka na laini, na kichwa kikabaki kimetulia.

"Ngoja, mama. Naweza kukushika mgongo?"

"Shika."

Jeruto aliweka viganja vyake mgongoni mwa mama mkwe wake. Alihisi mifupa ya mabega ikifunguka na kujifunga, kufunguka na kujifunga.

"Nilidhani ni mkono ndio unavuta nguo," Jeruto alisema.

"Mkono haupandi. Mgongo ndiyo inafunguka," alisema Mama Navalayo, akihema. "Ukifunga mgongo, umefunga isukuti."

Jeruto alirudi kwake mbio. Alichukua kalenda na kuanza kuchora.

Alhamisi alikwenda mazoezini. Ngoma zilipoanza, machozi yalimtoka, na hakukimbia. Aliwatazama akina mama kwa mbele, kwa nyuma na kwa pembeni. Aliona wanavyoinama kuitikia. Aliona vile shingo hujaa mtu akiimba kwa nguvu. Mwishowe alisimama mbele yao.

"Akina mama, niliwashonea bila kuwajua. Nimekosa. Naomba mnirudishie nguo. Nina mchoro mpya."

Mama Bravin alikunja mikono kifuani. "Na hiyo mpya haitatuvua nguo mbele ya watu?"

"Nitashona moja kwanza. Yako, mama. Uitingishe mpaka uchoke. Ikikataa, sitagusa nyingine."

"Hapo umesema kama mtu mzima," Mama Bravin alisema.

Mchoro wenyewe ulikuwa hivi. Jeruto angefungua nguo mgongoni, nyuma ya kila bega, na kutia kipande cha ziada kilichokunjwa ndani. Mwili ukitulia, mkunjo unajifunga. Bega likienda mbele, mkunjo unafunguka na kuupa mgongo nafasi. Kwapani angetia kipande kingine kidogo. Lakini kijani kilichobaki hakikutosha nguo zote.

"Sasa unaona rangi gani?" Mwalimu Nabwire aliuliza. Sasa alikuja barazani kila siku baada ya chai.

"Manjano," Jeruto alisema. "Mkunjo uwe wa manjano kwa ndani. Akisimama, nguo ni ya kijani. Akicheza, manjano inatokea, kisha inajificha."

Mwalimu aliweka sindano chini. "Hilo sikukufundisha mimi," alisema. "Na hakuna anayeweza kulifundisha."

Jeruto alinunua kitambaa cha manjano Kakamega mjini, akarudi akiwa na haraka. Alikuwa ameshashika mkasi mwalimu alipomkamata mkono.

"We! Umekifua?"

"Kukifua? Ni kipya."

"Ndiyo sababu. Wewe na kitambaa hiki hamjajuana. Kata kipande kidogo, kiloweke."

Walikiloweka kwenye karai. Muda mfupi baadaye maji yalikuwa ya manjano kama mchuzi wa bizari.

"Hii ingefuliwa mara moja na ile kijani, ungesikia tena sauti ya Mama Bravin," mwalimu alisema. "Pamba ina tabia yake, poliesta ina yake. Kingine huchuja rangi, kingine hurudi kikakufupishia sketi. Kitambaa kiulizwe pia, kama watu."

Jeruto alibadilisha kitambaa. Kile cha pili hakikuchuja, lakini kilirudi kidogo. Basi walikifua chote kwanza, wakakianika, wakakipiga pasi, ndipo wakakata. Kabla ya kukata walichora kila kipande kwenye magazeti, ili nguo zote zifuate umbo moja hata kama saizi zinatofautiana. Mwalimu pia alimfanya ahesabu kazi yenyewe: kufumua kutachukua muda gani, kukata, kushona, kujaribu, na kurekebisha.

"Nguo nzuri ikifika baada ya harusi ni tambara," alisema. "Ukisema Ijumaa, iwe Ijumaa."

Mama Bravin alikuja kujaribu ya kwake. Jeruto hakumwambia asimame wima. Alimwambia ainame, ainue mikono, aketi chini, aimbe, acheze. Mama Bravin alitingisha mabega mpaka kuku wakakimbia barazani.

"Haki haibani! Hata kidogo!" Kisha akagusa shingo. "Lakini hii kola, Jeruto. Nikienda juu kwa sauti inaninyonga."

Jeruto aliipenda kola ile kuliko sehemu yoyote ya nguo. Aliichora mara nyingi sana. Aliiangalia, akameza mate, akachukua mkasi.

"Tutaipunguza, mama."

Mwalimu Nabwire alikuwa ameketi pembeni akishona vifungo. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kuna watu wenye mikono ya dhahabu ambao hawawezi kuambiwa neno moja kuhusu kazi yao. Hao hawafiki mbali. Mwenye mwili ndiye anayejua nguo inambana wapi.

Ilibaki kukimbizana na siku. Mama Navalayo alifumua mishono ya zamani. Alisema macho yake hayaoni uzi, na hata hivyo alifumua upesi kuliko wote. Usiku ulipoingia, kila mtu alienda kwake, na nyumba ya Jeruto ikarudi kuwa kimya. Kikombe cha pili kilibaki kabatini. Sitakudanganya kwamba kazi inamaliza huzuni. Haimalizi. Lakini sasa asubuhi ilikuwa na watu wa kuingojea.

Siku ya mashindano ukumbi wa Kakamega mjini ulijaa. Kwaya zilipita moja baada ya nyingine. Kisha akina mama wa Malinya waliingia, kijani kitupu, wametulia. Na kati yao, mstari wa mbele, alikuwa Mama Navalayo. Aliomba nguo juma la mwisho kabisa, na Jeruto aliishona akikosa hata muda wa kula.

Ngoma zikaanza. Mabega yakaanza. Na kila mgongo ulipofunguka, manjano ilitokea, ikajificha, ikatokea tena, kote jukwaani kwa pamoja. Watu walisimama. Wengine walipiga vigelegele kabla wimbo haujafika katikati. Hakuna nguo iliyopasuka.

Walikuwa wa pili. Mama Bravin alisema waamuzi hawana masikio, na hakutaka kubishiwa. Lakini nje ya ukumbi viongozi wa kwaya nyingine walikuwa wakimtafuta Jeruto.

"Wewe ndiye mbunifu?" mmoja aliuliza.

Jeruto aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeulizwa. Halafu akasema, "Ndiyo. Ni mimi. Lakini kwanza niambieni ninyi mnachezaje. Nitakuja kuwaona mazoezini."

Baadaye akina mama waliketi nyasini wakila. Kijani kilizunguka pande zote, na Jeruto aliketi ukingoni na blauzi yake nyeusi, ile ya matanga. Mama Bravin alimtazama huku anatafuna.

"Jeruto. Yako iko wapi?"

"Yangu nini, mama?"

"Nguo. Umetushonea sote. Yako iko wapi?"

"Mimi si mwanakwaya. Sijui hata kuimba."

"Nani amekuuliza kama unaimba? Mwalimu, kitambaa kilibaki?"

"Kilibaki," Mwalimu Nabwire alisema. "Nilikificha kwangu. Nilijua huyu atasahau."

"Basi apimwe. Sasa hivi."

Futi ilikuwa shingoni mwa Jeruto mwenyewe, kama kawaida. Mama Navalayo aliinuka akaichukua. Alimsimamisha mkwe wake, akamgeuza, akaweka mkono mmoja kwenye bega lake. Tangu mazishi, hakuna mtu aliyekuwa ameweka mkono kwenye bega hilo. Jeruto alifumba macho.

"Ataivaa wapi sasa?" mmoja wa akina mama aliuliza. "Si tulisikia kaka yake anakuja na pikapu kumbeba?"

Hata Mama Bravin aliacha kutafuna. Mkono wa Mama Navalayo ulitulia pale begani, haukwenda mbele wala nyuma.

"Anakuja kesho," Jeruto alisema. "Nimemwambia atuletee mahindi, mimi na mama. Atarudi na gari tupu."

Mama Navalayo alivuta futi kutoka bega moja hadi la pili. Kisha akarudia kupima, pole pole, ingawa alikuwa ameshapima.